Maji Ndani ya Stata

Kila asubuhi kabla ya shule, Olinka alizoa majivu ya jiko, akatia kuni, kisha akatoka kuchota maji kwenye pipa la mvua. Mwezi wa tisa ulikuwa unakwisha na pipa lilikuwa limeanza kuganda juu. Wiki iliyopita alivunja barafu kwa konzi. Wiki hii alitumia shoka.

"Angalgaq," bibi yake aliita kutoka kitandani, "umekula?"

"Nimekula, bibi. Chai yako hii hapa, na samaki mkavu."

Bibi Nastasia alikohoa kwa muda mrefu kabla ya kuishika bilauri. Hakumwita mjukuu wake Olinka. Alimwita Angalgaq, jina la mwanawe aliyezama na pikipiki yake ya theluji mwaka mmoja kabla Olinka hajazaliwa, pale kijito cha bahari kinapokutana na mto Kuskokwim. Kwetu mtoto mchanga hupewa jina la aliyetutoka, na akipewa jina hupewa pia mapenzi ya marehemu. Watu walimtengea Olinka kipande cha samaki ambacho mjomba wake alikipenda. Wazee walimpa mkono kama mtu mzima. Na kwa miaka yote kumi na miwili hakuna aliyewahi kumgombeza, kwa maana kumgombeza yeye kungekuwa kumgombeza aliye kaburini.

Asubuhi hiyo mhudumu wa zahanati, Bi Minnie, alipita kusikiliza kifua cha bibi. Alimaliza, akatazama rundo la kuni nje. Lilikuwa dogo, halifiki hata kwenye dirisha.

"Shangazi, nyumba hii ikipoa, kifua hiki hakitauona mwaka mpya," alisema. "Kuni zikijaa, utabaki. Zisipojaa kabla ya barafu, nitakupandisha ndege uende mjini Anchorage kwa binti yako."

"Kwenye chumba kimoja, ghorofa ya nne?" bibi alisema. "Nikaangalie nini, ukuta?"

"Olinka je, ataenda nawe?" Bi Minnie aliuliza.

"Mama yake hana nafasi hata ya kulaza paka," bibi alijibu. "Atabaki kwa kina rafiki yake Elsie, asome."

Olinka alitoka mbio. Magogo yalikuwapo tele ufukweni, maji huyaleta kutoka misitu ya juu ya mto, lakini ni mwendo wa kilomita tisa. Alipanda pikipiki ya magurudumu manne ya marehemu mjomba wake, akazungusha ufunguo, akabonyeza kitufe cha kuwashia.

Ta!

Akabonyeza tena. Ta! Sauti moja kavu, basi. Injini haikuzunguka hata kidogo. Kamba ya kuwashia kwa mkono ilikatika miaka mingi iliyopita, na vipuri vyake havitengenezwi tena.

Rafiki yake Elsie, aliyekuwa akimsubiri waende shule, alimtazama bila kupepesa. "Ni yale maji," alisema.

"Nyamaza!"

"Mimi nanyamaza. Pikipiki ndiyo inayosema."

Elsie alijua kwa sababu alikuwa amekaa juu ya tela siku ile. Siku tisa kabla, walipokuwa wakirudi na magogo, Olinka alichoka kuzunguka njia ndefu ya kilimani. Akakata kupitia kijito. Maji ya bahari yalikuwa yanapanda. Yalifika juu ya vikanyagio, yakafunika sehemu yote ya chini ya injini, lakini Olinka hakuachia mafuta, na pikipiki ikatoka ng'ambo ikifuka mvuke. Walicheka kama wendawazimu. Kisha Olinka aligeuka, akaona wamevukia wapi, na kicheko kikamkauka. Ni pale pale palipommeza mjomba wake. Bibi alikuwa amekataza mtu yeyote wa nyumba yake kukanyaga mahali hapo, wakati wa kiangazi wala wakati wa barafu.

"Bibi akisikia atakufa kwa huzuni," Olinka alimwambia Elsie siku ile, na Elsie akaapa kufunga mdomo.

*

Fundi wetu ni Wassilie. Banda lake liko mwisho wa njia ya mbao, limejaa injini za boti, minyororo na mikebe ya misumari. Alikuwa binamu na mtani wa marehemu Angalgaq, na utani wa mabinamu kwetu haufi na mtu. Basi huyu mwanamume wa miaka hamsini na ushei alimtania msichana wa miaka kumi na miwili kana kwamba wamekua pamoja, naye msichana alimjibu vivyo hivyo, na hakuna aliyeona ajabu.

"Loo, binamu!" alipaza sauti alipomwona Olinka na Elsie wakiisukuma pikipiki. "Mimi nilidhani pikipiki ndiyo hubeba watu. Siku hizi mnapokezana?"

"Tumeileta ikuone sura, binamu, labda iogope iwake," Olinka alijibu.

Wassilie alicheka mpaka akajifuta macho. Alipima betri kwa mita yake, akaona ni nzima. Akachukua nyundo, akaigonga stata, ile mota ndogo ya kuwashia injini, taratibu kwa mpini huku Olinka akibonyeza kitufe. Stata ilizunguka mara moja, ikanguruma, ikanyamaza.

"Kaboni," alisema. "Zimekwisha. Nikigonga zinagusa shaba kidogo, kisha zinaachia."

Alifungua waya wa betri kwanza, kisha bolti mbili, akaichomoa stata na kuiweka mezani. Haikuzidi ukubwa wa mkebe wa maziwa. Akafungua kifuniko cha nyuma. Ndani mlikuwa na vipande viwili vyeusi vya kaboni, vile vinavyosugua shaba inayozunguka na kuipelekea umeme. Vilipaswa kuwa na urefu wa ukucha wa kidole gumba. Vilikuwa vifupi kama punje za mchele, na vimezungukwa na unga mweusi ulioshikana.

Wassilie alichukua unga ule kwa kidole, akausugua. "Mzito mno huu. Binamu, mashine hii imewahi kuingia majini?"

Olinka alihisi macho ya Elsie mgongoni mwake.

"Hapana," alisema.

"Hata kidogo? Maana kama iliingia, naivunja yote. Naiosha mpaka beringi ya mbele, naweka na mipira mipya ya kuzuia maji. Ninayo jozi moja, namwekea mwenye shida."

"Haijaingia, binamu."

"Basi sawa. Beringi kavu haichokozwi." Aliinamia kazi yake. Hakumshuku. Nani angemshuku Angalgaq?

Aliisugua shaba kwa msasa laini mpaka ikang'aa, akatoa uchafu kwenye mifereji midogo kati ya kipande na kipande, akafunga kaboni mpya. Zilikuwa za mwisho alizokuwa nazo. Mkono ukifanya kazi, mdomo wake uliimba:

"Udereva umepewa, mbona watembea njia?
Pikipiki imelewa, mchana inasinzia;
Kuni zetu zangojewa, ufukweni zalilia,
Binamu ukichelewa, theluji itatujia!"

Elsie alicheka. Olinka alijaribu kucheka, akashindwa.

Pikipiki iliwaka kwa mguso mmoja.

*

Siku tatu walibeba magogo, safari moja kila siku baada ya shule, kwa njia ndefu ya kilimani. Rundo lilipanda likafika dirishani. Bibi aliketi mlangoni na blanketi, akilihesabu kwa macho kila gogo lililoshuka. Usiku Olinka alilala akijiambia kwamba mambo yamekwisha, hakuna aliyeumia, na lisilosemwa ni kama halikutokea.

Siku ya nne, ufukweni, tela likiwa limejaa, alibonyeza kitufe. Stata ililia kwa sauti ya chuma kinachosaga mchanga. Kisha ta! Kisha kimya.

Walitembea kilomita tisa chini ya mvua iliyochanganyika na barafu. Walipofika, Bibi Nastasia alikuwa amesimama nje kwenye ngazi, hana koti, uso umekuwa wa kijivu, anatazama upande wa kijito.

"Nilidhani," alisema, na hakuweza kumaliza. Alikohoa mpaka wakamshika mikono miwili kumwingiza ndani. Tangu siku hiyo hakuinuka kitandani bila kusaidiwa.

Kesho yake baba yake Elsie aliivuta pikipiki hadi kwa Wassilie. Fundi alibonyeza kitufe mara moja tu. Alisikia ile sauti ya kusaga, akaichomoa stata, akaiweka rafuni bila kuifungua.

Kijiji chetu hakina siri. Kila nyumba ina redio ya mawasiliano inayowaka kutwa, na lisemwalo kwenye redio moja husikika jikoni kwa kila mtu. Walianza vijana. "Mpelekee Wassilie stata," mmoja alisema hewani, "atakurudishia king'ora." Mwingine akasema mikono ya mzee imeanza kutetemeka. Kwingine watu walicheka. Wassilie hakujibu, yeye ambaye kwa kawaida angewarudishia kumi kwa moja.

Siku ya tatu jioni, Olinka akiwa anampa bibi supu, redio ilikoroma na sauti ya fundi ikatoka, ya chini, isiyo na hata chembe ya mzaha.

"Watu wa kwetu, ni Wassilie. Kazi niliyomfanyia shangazi yangu Nastasia ilikuwa mbovu. Haikumaliza hata siku nne. Shangazi, nisamehe. Mwenye chombo chake kwangu aje akichukue, sitaki kumharibia mtu mwingine. Nimemaliza."

Olinka alirudisha kijiko bakulini.

"Maskini Wassilie," bibi alisema akiwa amefumba macho. "Miaka thelathini ametengeneza vya watu."

Olinka aliweka bakuli chini, akavaa koti, akatoka.

*

Elsie alimkuta njiani. "Unakwenda wapi?"

"Kusema."

"Twende wote."

"Hapana. Wewe hukuendesha."

Wassilie alikuwa amekaa bandani juu ya kreti, hafanyi chochote. Alipomwona alijaribu utani. "Binamu, umekuja kuchukua..."

"Iliingia majini," Olinka alisema. Alisema haraka, kama mtu anayetapika. "Kwenye kijito. Pale. Maji ya bahari, mpaka juu ya vikanyagio. Uliponiuliza nilikudanganya."

Wassilie hakumtania. Hilo lilimuuma Olinka kuliko kofi. Fundi aliinuka, akaitoa stata rafuni na kuifungua pande zote mbili. Kutoka upande wa mbele ulishuka uji wa kijivu, tope la mto na chumvi. Beringi haikuzunguka. Kaboni mpya zilikuwa zimeliwa nusu, na shaba ina mikwaruzo kama ubao wa kukatia samaki. Ule mpira wa kuzuia maji ulikuwa umepasuka.

"Njoo uangalie," alisema. "Siku ile stata ilikuwa ya moto, uliiwasha ufukweni. Ukaitia kwenye maji baridi. Hewa iliyo ndani ikipoa ghafla husinyaa, na ikisinyaa hunyonya chochote kilicho nje. Ikanyonya tope. Mimi nikafunga kaboni mpya juu ya mchanga, ikawa kama kuweka meno kwenye jiwe la kusagia." Aliiweka stata mezani. "Mipira nilikuwa nayo siku ile. Kaboni nilikuwa nazo. Vyote vilikuwa juu ya meza hii. Sasa kaboni na beringi zitatoka Anchorage, na kwa ukungu huu, ndege itakuja inapotaka."

"Nitasema kwenye redio," Olinka alisema. "Niseme si wewe."

"Utasema. Lakini aanze kusikia shangazi, tena kwa kinywa chako, asisikie kwa redio."

Walikwenda pamoja. Olinka alipiga magoti kando ya kitanda, akaeleza tangu mwanzo. Alipotaja kijito, mkono wa bibi uliokuwa juu ya blanketi ulikunjika ngumi.

Bibi alipofungua mdomo, sauti yake haikupanda.

"Olinka."

Msichana alishtuka. Hakuwahi kuitwa hivyo na bibi yake.

"Angalgaq alinivunjia boti. Alinipotezea nyavu. Aliwahi kuniunguzia banda la kukaushia samaki, na samaki wote wa mwaka. Kila mara aliingia kwenye mlango ule, analia, anasema, 'Mama, nimefanya mimi.' Jina lake unalo. Hili la kuficha umelitoa wapi? Halikutoka kwake, wala kwangu." Akavuta pumzi kwa shida. "Watu wamekulinda kwa ajili yake, nawe ukajificha ndani yake kama mwizi ndani ya koti la mtu. Shika redio."

Olinka alishika kipaza sauti. Akabonyeza kitufe.

"Ni Olinka, wa kwa Bibi Nastasia. Wassilie hakukosea. Mimi nilivusha pikipiki kwenye maji na nikamficha. Mikono yake haina kasoro. Aliyekosea ni mimi."

Redio ilikoroma. Kisha sauti ya mwanamke mzee ikasema, "Tumesikia." Na nyingine, ya kijana, yenye haya: "Tumesikia. Wassilie, utusamehe na sisi."

*

Ukungu ulilala juu ya kijiji siku kumi na mbili. Kila siku tulisikiliza angani, na kila siku tulisikia mbwa tu. Majirani walileta kuni walizoweza, kila mmoja akipunguza rundo lake mwenyewe. Kijito kiliganda kwanza, halafu kingo za mto, halafu ikaanguka theluji.

Kaboni na beringi zilipofika, Wassilie hakushika spana. Aliketi kwenye kreti lake, akamwonyesha Olinka kwa kidole.

"Fungua waya wa hasi wa betri kwanza. Kwa nini?"

"Spana isipige cheche."

"Osha kila kitu. Bado. Huko kwenye kona bado. Mchanga hauna huruma."

Olinka aliosha, akakausha kwa kitambaa, akasugua shaba mpaka mikwaruzo ikatoka. Aliigonga beringi mpya mahali pake kwa gongo la mti, akapaka grisi, akavisha mipira yote miwili. Vidole vilikuwa vimepasuka kwa baridi na damu ikachanganyika na mafuta. Kazi ambayo Wassilie angeifanya kwa nusu saa ilimchukua mchana mzima, na fundi hakumharakisha.

Injini iliwaka. Hakuna aliyeshangilia.

Walikwenda ufukweni na mashoka. Magogo yalikuwa yameshikwa na barafu kama meno kwenye ufizi. Kwa siku tatu walipata tela mbili tu, na mti wenyewe ulikuwa umelowa. Bi Minnie alikuja, akasikiliza kifua cha bibi, akatazama rundo. Safari hii hakusema mengi.

"Ndege ya Alhamisi," alisema.

*

Hivyo pikipiki iliyotengenezwa ndiyo iliyompeleka Bibi Nastasia kwenye uwanja wa ndege, ikivuta tela lenye mzigo wake na shoka. Alikaa nyuma ya Olinka, amefungwa mablanketi, mikono yake imemzunguka mjukuu wake kiunoni. Wassilie alifuata nyuma kwa miguu, amebeba mfuko wa samaki mkavu na ndoo ndogo ya akutaq, mafuta yaliyopondwa na matunda ya tundra, ili shangazi yake asile vya mjini peke yake.

Uwanja wetu ni njia ya changarawe na kibanda kisicho na mlango. Upepo ulikuwa unafagia theluji chini chini. Ndege ilishatua, na rubani alikuwa anapakia mizigo.

"Bibi," Olinka alisema, na machozi yakaganda mashavuni, "ningesema siku ile ile, ungebaki."

Bibi hakumwambia hapana. Hakuwa mtu wa kumfariji mtu kwa maneno yasiyo ya kweli.

"Sikiliza," alisema. "Uliogopa kuniumiza. Najua. Lakini kuvuka kwako maji kungeniliza jioni moja. Ningelia, ungelia, asubuhi Wassilie angetengeneza, na sisi tungekwenda kuni. Siku kumi na saba za kunificha ndizo zilizokula kuni zangu, na heshima ya binamu yako, na majira yangu yote ya baridi. Anayekupenda mpe ukweli ungali mdogo. Ataubeba. Ukikua mkubwa unawalemea wote." Akamfuta shavu kwa kiganja chake. "Ulisema ukiwa umechelewa. Lakini ulisema mwenyewe, hukungoja kukamatwa. Hilo nakwenda nalo."

Rubani na Wassilie walimwinua wakampandisha. Mlango ukafungwa. Ndege ilikimbia juu ya changarawe, ikaingia kwenye wingu jeupe, na baada ya muda hata mlio ukaisha.

Olinka alibaki amesimama, mikono mitupu. Wassilie alikaa kwenye tela, akaweka shoka magotini.

"Barafu inavunjika mwezi wa tano," alisema. "Akirudi, nyumba itakuwa imekaa bila moto miezi saba. Itahitaji kuni nyingi kupata joto."

Olinka alijifuta pua kwa mkono wa koti, akapanda kitini, akageuza pikipiki kuelekea njia ndefu ya kilimani.